Kuchagua Mbao za Samani Zitakazopakwa Rangi
Kwa kabati au rafu itakayopakwa rangi, hakuna sababu ya kununua mninga, kwa kuwa thamani yake imo katika hudhurungi na mistari ya nyuzi zake, ambayo yote yatafunikwa. Nunua msindano, unaovunwa kwa wingi Sao Hill wilayani Mufindi, lakini kagua ubao mmoja mmoja: uinue hadi usawa wa jicho uone kama umepinda, kisha tazama vifundo, kwa maana utomvu wake hupenya rangi nyeupe na kuacha madoa ya manjano, hata miezi kadhaa baadaye, usipovifunika kwanza kwa shelaki, aina ya vanishi ya kuziba. Ubao mbichi, mzito kupita kiasi na wenye ubaridi ukiugusa, uache dukani. Kwa milango mipana na bapa, MDF, yaani ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, hupokea rangi vizuri zaidi, mradi isikae karibu na sinki.