Somo: Pima ethi kabla hujanunua sensa

Gari likisumbua kuwaka asubuhi, taa ya injini ikija na kupotea, au gia zikigonga bila mpangilio, wengi hapa Nairobi hukimbilia Kirinyaga Road kutafuta stata au sensa (kifaa kinachopima hali ya injini na kuiarifu kompyuta ya gari). Pima ethi kwanza, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia injini, bodi na waya. Umeme ukitoka chanya lazima urudi hasi, na njia ya kurudi ikiwa na kutu, kompyuta husoma sensa vibaya. Sensa ya oksijeni ya kawaida hutoa takriban volti 0.1 hadi 0.9, kwa hivyo kosa la volti 0.3 linatosha kuvuruga kiasi cha mafuta yanayoingia injini.

1. Hakikisha betri ina volti 12.4 au zaidi gari likiwa limezimwa. Betri dhaifu itakupotosha.

2. Weka mita ya umeme kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi iguse nguzo yenyewe ya hasi, si klempu (kibano cha waya). Nyekundu iguse chuma kitupu cha bloku (mwili wa injini).

3. Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) injini isiwake, mwenzako apige stata sekunde 5. Chini ya volti 0.2 ni safi. Ikifika 0.5, ethi ya injini ni mbovu.

4. Rudisha fyuzi, washa injini, taa kubwa na feni. Pima bloku, kisha bodi. Kote isizidi 0.1.

5. Ikizidi, rudia hali iliyoleta kipimo kibaya huku ukisogeza nyekundu kuelekea betri: bodi, bolti, kichwa cha waya, klempu. Mahali kipimo kinaposhuka ghafla ndipo penye ubovu. Mara nyingi ni kati ya bolti na kichwa cha waya, palipo na unga wa kijani au rangi iliyopulizwa baada ya kunyoosha bodi.

6. Fungua hasi ya betri kwa spana 10, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Kisha pima upya.

Gari lililoshushwa gearbox hivi karibuni, anza kwa kuchungulia kama waya wa ethi ulirudishwa. Husahaulika sana.

Maswali

*Fundi, mita yangu inaonyesha omu 0 (haina ukinzani) kwenye waya wa ethi. Si mzima?*
Hapana. Mita hupitisha umeme kidogo mno, hata uzi mmoja uliobaki utaupitisha. Stata ikivuta ampea 150, ukinzani wa omu 0.01 unakula volti 1.5, na mita ya kawaida haiuoni.

*Naweza kuongeza waya wa pili?*
Ndiyo, milimita za mraba 25, kutoka bloku hadi bodi. Usitumie waya wa nyumba. Kama hasi ya betri ina sensa ya kupima umeme, usifunge waya mpya kwenye nguzo. Ufunge upande wa bodi, la sivyo sensa itarukwa na altaneta (kifaa cha kuchaji betri) itachaji vibaya.

*Kebo ya akselereta inapata moto nikipiga stata.*
Zima, usijaribu tena. Umeme wa stata uliokosa ethi unarudi kupitia kebo hiyo, na inaweza kuyeyuka.