Kununua barua ya kidiplomasia yenye sahihi ya mtawala wa zamani

Ukiletewa barua yenye jina la mfalme au rais, kwanza ujue ni nani aliyeshika kalamu. Hati za utambulisho za balozi ziliandikwa na karani. Mtawala alitia sahihi tu, na mara nyingi waziri wake akaweka yake pia. Kwa hiyo mwandiko usiofanana na sahihi si kasoro. Napoleon aliwatamkia makatibu barua zake waziandike, na nyingi zinaishia kwa "Np" au "N" peke yake. Louis XIV alikuwa na makatibu walioruhusiwa kuiga sahihi yake, basi "Louis" kwenye hati ya kawaida usiilipie bei ya mkono wa mfalme. Malkia Victoria hakuwa na "I" ya Imperatrix (Kilatini, mtawala wa kike wa himaya) kwenye sahihi yake kabla ya 1876. Kwa marais wa Marekani wa tangu Kennedy, hofia mashine ya kutia sahihi: sahihi mbili zikipishana juu ya nyingine na kulingana sawasawa, hakuna mkono wa binadamu hapo.

Sasa chukua lenzi ya kukuza mara 10, umulike tochi kutoka ubavuni, uangalie mikunjo. Hapa ndipo waghushi wengi hunaswa. Barua halisi iliandikwa kwanza, ikakunjwa baadaye, kwa hiyo mstari wa wino huvuka mkunjo ukiwa safi au umechubuka. Wino ukiwa umezama ndani ya mkunjo na kutambaa kwenye nyuzi zilizokatika, karatasi ilikunjwa kabla ya kuandikwa. Tazama pia kingo za herufi: waghushi hukata kurasa tupu za vitabu vya kale, na kwa kuwa gelatini yake (kitu kinachopakwa kwenye karatasi kuzuia wino kusambaa) imechoka, wino mpya husambaa kama kwenye kitambaa. Taa ya urujuanimno ikiifanya karatasi ing'ae buluu kali, ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili.

Soma na lugha yenyewe. Mghushi Vrain-Lucas, aliyehukumiwa Ufaransa mwaka 1870, alimuuzia mwanahisabati Chasles barua za Kleopatra zilizoandikwa kwa Kifaransa!

Dai maandishi ya umiliki wa nyuma. Muhuri uliofutwa au namba ya jalada iliyokwanguliwa huashiria wizi wa nyaraka za taifa. Ufaransa hudai nyaraka zake za umma hata zikishauzwa.

Usilaminishe, usibandike gundi. Hifadhi kwenye jalada lisilo na asidi, unyevu asilimia 35 hadi 50, mbali na jua. Wino wa zamani wenye chuma hula karatasi panapokuwa na unyevu. Wino ukianza kubanduka, epuka mfuko wa plastiki, maana umeme tuli huunyofoa.