Lenzi ya tundu kubwa usiku: nani bado anaihitaji?

Msimu wa harusi ukianza, vijana wanaoingia kwenye kazi hii hapa Tanga huniuliza swali lile lile: kamera za siku hizi zinaona gizani kama paka, sasa lenzi ya f/1.8, yenye tundu kubwa la kuingiza nuru, ya nini, na ile iliyokuja na kamera ipo? Mimi huwauliza kwanza wanapiga nini. Anayepiga watu wanaojongea usiku, anunue. Anayepiga vitu vilivyotulia, hela yake aipeleke kwenye stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu.

Tuanze na vilivyotulia, maana habari yake ni fupi. Ukiingia Mapango ya Amboni, jabali halichezi. Funga kamera kwenye stendi, weka f/8 (namba ya f ikikua, tundu linapungua), ISO (wepesi wa kamera kwa nuru) 100, shata, yaani muda wa kuachia nuru, sekunde 10 au zaidi, na mtu akupitishie tochi ukutani taratibu wakati shata iko wazi. Lenzi ya kawaida inatosha kabisa. Hata mkononi, kitulizi kilichomo ndani ya kamera nyingi mpya kinakuruhusu kupiga taa za mji kwa shata ya 1/10 ya sekunde bila picha kutikisika. Meli zilizotia nanga usihesabu, zile huyumba hata bahari ikiwa shwari.

Kazi ipo kwenye watu. Kitulizi kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bibi harusi. Akigeuza shingo na shata yako iko 1/10, uso umekwenda. Mtu anayeongea anataka 1/125, anayecheza ngoma anataka 1/250 au zaidi, na hapo ndipo tundu la lenzi linapokuwa na maana.

Mimi huitwa zaidi kwenye shughuli za wanawake, usiku wa hina na singo (kumsugua bibi harusi manukato), ndani ya nyumba za mtaa wa Ngamiani. Chumba kimejaa, taa ni moja au mbili, na flashi ikipigwa usoni kila mara kina bibi wanakereka, wana haki. Ukivuta lenzi iliyokuja na kamera hadi 55mm, tundu lake linaishia f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza nuru karibu mara 10 ya hiyo. Kwa hiyo pale ambapo ungelazimika kupandisha ISO hadi 12800, unabaki kwenye 1250 au 1600.

Kweli, ISO kubwa si balaa tena kama zamani. Tangu kamera ya Nikon D3 ya mwaka 2007 tumezoea kupiga ISO 6400 bila kuona haya, na Lightroom, programu ya kuhariri picha, imeongezewa mwaka 2023 kisafishaji cha akili mnemba kinachoondoa chenga (punjepunje zinazoletwa na ISO kubwa) vizuri mno. Lakini tazama mkono wenye hina. Michirizi ile midogo ya vidoleni, myembamba kuliko uzi, ikishachanganyika na chenga hakuna anayejua tena chenga ni ipi na ua ni lipi. Programu inabahatisha: huku inafuta kikonyo, kule inalainisha ngozi mpaka inakuwa ya plastiki. Na bibi harusi wa Tanga atakuza picha kwenye simu aangalie hina yake kwanza, uso baadaye.

Faida ya pili haisemwi sana. Kwenye DSLR, zile kamera zenye kioo ndani, lenzi hukaa wazi kabisa mpaka unapobonyeza, hata kama umechagua f/4. Kamera inapata nuru ya kutosha kushika fokasi, haihangaiki mbele na nyuma wakati mwali anafunuliwa.

Sasa namna ya kuitumia, maana tundu kubwa lina gharama yake. Ukiwa na 50mm kwenye kamera ya sensa (kipande kinachonasa picha) ndogo, ile iitwayo APS-C, ukasimama mita 2 na kufungua f/1.8, kinachoonekana kikali ni kina cha kama sentimita 11 tu. Bibi harusi anatoka safi, somo (kungwi wake) aliyeketi nyuma ya bega lake anakuwa ukungu. Somo naye amevaa, amejipara, anataka kuonekana! Watu wawili, nenda f/2.8 na uwaweke sambamba. Ukoo mzima ukipangwa mistari mitatu, sahau tundu kubwa: weka f/5.6, uwashe flashi uielekeze darini. Nyumba nyingi za zamani hazina dari, nuru inapotelea kwenye boriti na mabati, basi igeuzie ukuta mweupe wa pembeni.

Ukumbini angalia taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei ndogo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/500 chini ya taa hizo, picha moja inatoka njano, inayofuata ina mistari ya giza. Rudi kwenye 1/100 kwa mambo ya taratibu kama keki, au washa kizuia mpepeso kama kamera yako inacho.

Kuhusu ipi ununue: kwa sensa ndogo chukua 35mm f/1.8, kwa sababu 50mm huona eneo dogo, ndani ya chumba cha Ngamiani itakusukuma mpaka uani. Mwenye sensa kubwa, 50mm f/1.8 inamtosha. Usihangaike na f/1.2. Inaongeza nuru mara mbili na kidogo tu kuliko f/1.8, ilhali kwa Canon RF 50mm bei yake ni zaidi ya mara kumi. Tofauti hiyo ISO inaifidia siku hizi bila mteja kugundua.

Ukinunua ya mtumba, na wengi tunanunua, kumbuka tupo pwani. Unyevu wetu huotesha kuvu ndani ya vioo. Fungua tundu lote, mulika tochi ya simu kutoka nyuma, chungulia mbele kwa pembe: ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, iache. Vumbi kidogo halina neno. Ukifika nyumbani isikae kwenye begi, iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya.