Kuzima chokaa bila kuungua

Mnaopaka nyumba chokaa huku Nkuhungu na Ihumwa, Dodoma: ukinunua ile ya mawe ambayo haijazimwa, yaani bado haijachanganywa na maji, tangulia kuweka maji kwenye pipa la chuma, kisha tumbukiza mawe kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya rundo, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Ndoo ya plastiki nimeshaiona ikilegea kama nta juani. Joto hilo si uchawi. Jiwe lililimeza lilipochomwa tanuruni kuwa chokaa, kwenye nyuzi joto 900 hivi, na sasa linarudisha sehemu yake. Vaa miwani na glavu, watoto wakae mbali.

Mbolea ya urea ni kinyume kabisa: ikoroge kwenye maji, shika ndoo, utahisi ubaridi.