Jinsi ya Kujijenga katika Utafiti wa Kemikali za Ubongo

Kijana anayetamani kutafiti dawa zinazogusa ubongo huvutwa na maswali makubwa, kama vile huzuni inatoka wapi au kumbukumbu inakaa wapi. Ushauri wangu ni kwamba aanze na kipimo. Chagua nyurotransmita moja, yaani kemikali inayobeba ujumbe kutoka seli moja ya neva hadi nyingine, kisha jifunze kuipima kwa mikono yako mwenyewe mpaka uweze kuitetea namba uliyoiandika daftarini.

Njia hiyo ndiyo aliyoipita Arvid Carlsson wa Uswidi. Alikuwa ameshajulikana kwa utafiti wa kalisi mwilini, lakini mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 32, alikwenda Bethesda, Marekani, katika maabara ya Bernard Brodie, akakaa miezi michache tu akijifunza kutumia mashine mpya iliyopima kemikali kwa mng'ao wake. Hakuona vibaya kuwa mwanafunzi tena. Wewe pia, ukitafuta pa kusomea, tazama kwanza mbinu utakayoondoka nayo kabla hujatazama umaarufu wa chuo.

Hatua ya pili ni kupanga jaribio lenye kulinganisha. Mwaka 1957 Carlsson na wenzake waliwapa sungura reserpini, dawa inayokausha akiba ya kemikali hizi, na sungura wakalala kimya, masikio yakiwa yamelegea. Walipodungwa L-dopa, malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini na kisha noradrenalini, zote mbili zikiwa nyurotransmita, baada ya kama robo saa waliinuka wakakaa macho. Wengi wangeishia kwenye furaha hiyo. Wao walijaribu pia malighafi ya serotonini, nyurotransmita nyingine, wakaona haiwaamshi. Wakapima noradrenalini ubongoni, wakakuta bado haijarudi. Basi kilichowaamsha kilikuwa kitu kingine, na kipimo walichokitengeneza kikaonyesha mwaka 1958 kwamba dopamini yenyewe imo ubongoni na ndiyo iliyorejea.

Katika kupima, haraka na baridi ni mambo mawili yasiyo na mjadala. Dopamini huharibika upesi nje ya mwili, kwa hiyo kipande cha ubongo hugandishwa mara moja, kisha husagwa katika asidi baridi. Ukichelewesha sampuli moja, usiilinganishe na nyingine.

Jiandae pia kukataliwa. Katika mkutano wa London mwaka 1960, wakubwa wa fani walimtilia shaka Carlsson. Mwaka huohuo, huko Vienna, watafiti Ehringer na Hornykiewicz walichapisha kwamba ubongo wa marehemu waliougua Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, ulikuwa na upungufu mkubwa wa dopamini, na L-dopa ikaja kuwa tiba. Nobeli ya Carlsson ilifika mwaka 2000.

Aliye Afrika Mashariki ana pa kuanzia karibu na nyumbani. Upupu, ule unaowasha ukigusa ngozi, una L-dopa katika mbegu zake. Usimpe mgonjwa, L-dopa huleta kichefuchefu na kushusha shinikizo la damu, na kiasi chake hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Kusanya mbegu kutoka mashamba kadhaa, andika zilikotoka na jinsi zilivyokaushwa, zipime maabara chini ya msimamizi, kisha rudia kipimo kwa sampuli zilezile siku nyingine.