Kuuza nyumba yako bila dalali: tulivyofanya Kinyerezi

Ukimwachia dalali wa Dar es Salaam nyumba yako, jiandae kumpa kati ya asilimia 5 na 10 ya bei, na usishangae akiweka cha juu, yaani nyongeza yake juu ya bei yako, ambacho wewe hutakijua. Kwa nyumba ya milioni 120, asilimia 10 ni milioni 12. Tulipoamua kuhamia Morogoro, mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba fedha hiyo ijengee ukuta wa huko tuendako, tukaiuza nyumba yetu ya Kinyerezi kwa mikono yetu wenyewe.

Kabla ya yote, mwelewe mnunuzi. Pita Tabata, Kimara au Mbezi, utasoma kwenye kuta: NYUMBA HII HAIUZWI. Wenye nyumba wameandika hivyo kwa sababu matapeli huuza mali za watu. Mtu anayekuja kutazama nyumba yako amesoma maandishi hayo maisha yake yote ya mjini, na nyumbani kwao hakosi ndugu aliyewahi kuuziwa kiwanja chenye mwenyewe. Anaogopa. Ukimwondolea hofu hiyo, vigae na jipsamu vitajisemea. Ndiyo maana mimi nasema anza na karatasi, tangazo lifuate baadaye.

Karatasi kwanza

Itoe hati miliki ulikoihifadhi, uisome upya. Jina lililomo ndilo lililo kwenye kitambulisho chako cha NIDA? Muda wa umiliki ni miaka 33, 66 au 99, na umebaki mingapi? Matumizi yaliyoandikwa ni makazi? Kama jina lina tofauti, hata ya herufi moja, lishughulikie mapema kwa wakili kwa hati ya kiapo, maana msajili hataipitisha hivyo hivyo.

Kisha lipa kodi ya pango la ardhi yote unayodaiwa, upate stakabadhi. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU unaponunua umeme, kwa hiyo hapo hakikisha tu mita yako haina deni. Omba upekuzi rasmi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu za hati yako, kwa Msajili wa Hati. Wengi hudhani upekuzi ni kazi ya mnunuzi, na ni kweli naye ataufanya wa kwake, lakini wewe ukiwa na majibu mkononi yanayoonyesha kwamba nyumba haina rehani wala zuio la mahakama, mazungumzo yanaanza juu sana.

Tafuta bikoni, yale mawe ya mipaka ya kiwanja. Zetu mbili zilikuwa zimefunikwa na udongo wa maua, tukazifukua na kuzipaka rangi nyeupe. Waite majirani wa pande zote mkazitazame pamoja, maana mnunuzi makini atarudi peke yake siku nyingine kuwauliza kimya kimya kama mpaka una ugomvi. Ni vizuri wawe wameshaambiwa na wewe.

Sasa jambo la ndoa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi hati ina jina la nani. Nimeona mama wa mtaa wetu akirudi kutoka msibani kwao akakuta watu wanapima madirisha ya nyumba yake, na kesi ikaliwa na miaka. Ridhaa iandikwe, isainiwe mbele ya wakili, na mwenza awepo nyumba inapoonyeshwa. Mnunuzi akiwaona wawili mmekaa sebuleni, nusu ya hofu yake inaisha hapo. Nyumba ikiwa ya urithi, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wote wakubali kwa maandishi hata wale walioko mbali.

Ambao eneo lao halijapimwa na wana leseni ya makazi au mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa tu, wanaweza kuuza pia. Bei itashuka, na ushahidi wa mwenyekiti wa mtaa na majirani ndio utakaobeba uzito wote. Kama una muda, rasimisha kwanza, yaani eneo lipimwe upate hati.

Bei

Tembea mtaa wako na mitaa jirani, piga namba zote ulizoona kwenye mabango ya NYUMBA INAUZWA, uliza kama mnunuzi. Utapata bei za kutaka. Bei za kweli wanazo waliouza na viongozi wa mtaa walioshuhudia mauziano, nao ukiwaendea kwa adabu watakwambia nyumba ile ya kona ilikwenda kwa kiasi gani. Halafu mlipe mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake utaihitaji hata hivyo wakati wa kuhamisha hati, na lazima iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo hujapoteza kitu kuifanya mapema.

Usipandishe bei kwa sababu ya jasho lako. Mnunuzi hakuwepo ulipokuwa unabeba maji ya kumwagilia msingi. Weka bei ya soko, ongeza kidogo cha kupunguza, kwa sababu Mtanzania asipopunguziwa hata kidogo huona hakuheshimiwa.

Tangazo

Letu lilisomeka hivi:

"Nyumba inauzwa na mwenyewe. Ipo Kinyerezi, dakika tano kwa mguu kutoka lami. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, dainingi, jiko, stoo na choo cha wageni. Uwanja mita za mraba 600, fensi na geti. Maji ya DAWASA na simtanki la lita 5,000. Hati miliki ya miaka 99, haina deni. Paa la stoo linavuja, tumeliweka kwenye bei. Bei milioni 125, maongezi yapo. Piga simu, dalali usisumbuke."

Sentensi ya paa ilibishaniwa nyumbani, mimi nikaishikilia. Kasoro ukiisema mwenyewe, mtu anaamini na yale mazuri uliyoyasema. Ukiificha ataiona tu, na kuanzia hapo atakagua kila ufa kwa jicho la polisi.

Picha zipigwe asubuhi, mapazia yakiwa wazi, vyombo vimeondolewa. Chukua na video isiyokatwa kutoka barabara ya lami hadi getini, maana swali la kwanza la kila mtu ni njia. Kama unaweza, rekodi uwanja mvua ya masika ikinyesha. Dar hii, baada ya mafuriko tuliyoyaona bonde la Msimbazi, video ya Aprili inayoonyesha maji yakitoka uani bila kutuama ina thamani kuliko picha kumi za kiangazi.

Kwenye kila picha andika namba yako ya simu na bei, ili asiibebe mtu na kuitangaza kwa bei yake. Na tafadhali sana, usiweke picha ya hati mtandaoni. Hapo unampa tapeli kila anachohitaji kughushi. Kopi apewe mnunuzi aliyekwisha kuiona nyumba na kujitambulisha, tena juu yake uandike kwa kalamu: "kwa upekuzi tu," jina lake na tarehe.

Tangazo tulilituma kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya, ya vikoba na ya wazazi wa shule, tukabandika na karatasi duka la dawa. Mnunuzi wetu alitokea kwenye kundi la jumuiya: binamu wa muumini mwenzetu. Watu wanaokujua hukusemea kuliko tangazo lolote.

Madalali watapiga tu. Utawajua: "Mama, nina bosi wangu yuko Oman, anataka leo leo." Wapo waungwana na wanafanya kazi halali, usiwatukane. Wajibu: "Mwanangu, mlete bosi mwenyewe tuongee. Bei ni hii, na wewe ujira wako mkubaliane naye." Wengi hawarudi. Akirudi na mteja wa kweli, mpango wa malipo uandikwe kabla hajaingia getini.

Kuonyesha nyumba na kukubaliana

Onyesha mchana, msiwe chini ya watu wawili, na umwombe mgeni jina na namba kabla hajaja. Mfungulie bomba, washa taa, mpandishe hadi kwenye tanki. Mwache akae peke yake uani kidogo na mwenzake waongee.

Kwenye bei, usijibu papo hapo. Sisi tulikuwa tunasema, "Kaka, tumekusikia, tutakupigia kesho jioni," hata pale tulipokuwa tayari kukubali. Usiku mmoja unatosha kuzungumza ndani ya nyumba na kutoka na kauli moja. Ukipewa kishika uchumba, ile fedha ya awali ya kushikilia nyumba, andikishaneni siku hiyo hiyo: ni kiasi gani, kinahesabiwa kwenye bei, na kinarudishwa au hakirudishwi mtu akighairi.

Mkataba, kodi na fedha

Hapa usibane matumizi. Dalali unaweza kumkwepa, wakili usimkwepe. Mhakiki kwanza kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kama ana leseni hai. Mkataba utaje namba ya hati, kiwanja na kitalu, awamu za malipo na tarehe zake, nani analipa nini, siku ya kukabidhi na nini kitatokea mmoja akichelewa. Zile fomu za ardhi ni tatu: Namba 29 ya taarifa ya uhamisho, 30 ya kuomba kibali na 35 ya uhamisho wenyewe. Mnunuzi akiwa raia wa kigeni, simama: sheria haimruhusu kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hilo lina njia yake.

Kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji ni ya muuzaji. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuza ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha. Nyumba uliyoimiliki na kuishi miaka 3 au zaidi inasamehewa kama faida haizidi milioni 15. Risiti zako za saruji na nondo zinaongea hapa. Nyumba iliyokugharimu milioni 95 ukaiuza 120, faida ni 25 na kodi ni milioni 2.5. Asiye na kumbukumbu yoyote, tangu 2023 hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa, na kwa nyumba hiyo hiyo ni milioni 3.6. Nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) na faili lako kabla ya kusaini, wakukokotolee kwa viwango vya siku hiyo. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi. Malipo yote ya serikali yapitie namba ya malipo (control number), yatoe stakabadhi. Akitokea kiongozi wa mtaa anadai asilimia yake, mwombe kwa upole namba hiyo.

Fedha zipite benki. Usipokee taslimu nyumbani, na ujumbe wa simu usiuhesabu kama malipo. Nenda kaunta, uone salio kwa macho yako. Sisi tulikubaliana sehemu kubwa iingie siku ya kusaini na iliyobaki baada ya kibali cha Kamishna wa Ardhi, na hati halisi ikakaa kwa wakili mpaka malipo ya mwisho yalipoonekana kwenye akaunti. Mnunuzi alilala usingizi, na sisi pia.

Siku ya kukabidhi, piga picha mita ya LUKU na ya maji, andikeni usomaji, kila mmoja asaini. Akaunti ya DAWASA ihamie jina lake wiki hiyo. Usajili ukikamilika, mwombe mnunuzi nakala ya ukurasa wa hati wenye jina lake jipya, uiweke pamoja na mkataba na stakabadhi ya TRA, kwa sababu pango la mwaka ujao likikujia kwa jina lako, hiyo ndiyo utakayoipeleka ofisi ya ardhi.