Kurekebisha na kubadilisha raba za boneti na buti

Boneti iliyofungwa haishikwi na loki peke yake. Loki inaivuta chini, raba za kwenye kona zinaisukuma juu, na kubanwa huko pande mbili ndiko kunakoizuia isicheze. Raba zikiwa chini mno, boneti hutetemeka gari likishika kasi, hugonga kwenye mashimo, na rangi ya kingo huanza kulika. Zikiwa juu mno, huwezi kufunga bila kubamiza, na ukitaka kufungua inabidi mmoja akandamize boneti huku mwingine akivuta waya wa kufungulia loki.

Anza kwa kutazama upande wa chini wa boneti, pale raba inapogusa. Raba inayofanya kazi huacha alama ya duara, safi na yenye kung'aa kidogo. Ukikuta vumbi ambalo halijaguswa, raba haifiki. Alama ya nusu mwezi ina maana boneti imekaa upande au raba yenyewe imepinda. Kisha funga na ubonyeze kila kona kwa kiganja: kona inayozama na kurudi ndiyo yenye kasoro.

Kipimo cha uhakika ni karatasi. Weka ukanda wa karatasi juu ya raba, funga boneti, halafu uvute. Ukichomoka bila upinzani, raba iko chini. Ukitoka kwa shida kiasi bila kuchanika, hapo ni pazuri. Fanya hivyo kushoto na kulia, kwa sababu tofauti ya pande mbili ndiyo huleta kelele mara nyingi.

Raba za kurekebishwa huwa zimefungwa kama skrubu. Kama kuna nati chini yake, ilegeze kwanza. Kuzungusha kinyume na mwendo wa saa hupandisha, kufuata saa hushusha. Bolti ya milimita 8 yenye meno ya kawaida hupanda milimita 1.25 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo nenda nusu mzunguko, funga, pima, ndipo uendelee. Lengo ni boneti ilingane na fenda, yaani bati la pembeni juu ya gurudumu, na kona zisicheze. Ukimaliza kaza nati huku umeishika raba, la sivyo itazunguka nayo na kazi yote ipotee.

Kama boneti imelingana na fenda lakini bado inacheza, tatizo ni urefu wa loki, wala si raba. Shusha raba kwanza zisiguse, chora alama kuzunguka bolti za loki kwa kalamu, zilegeze kidogo, shusha loki kama milimita moja, kaza, kisha pandisha raba zikutane na boneti. Na kama pengo kati ya boneti na fenda ni pana nyuma na jembamba mbele, hiyo ni kazi ya bawaba. Kuificha kwa raba ni kujidanganya, na kona ya boneti itapinda.

Raba za kuchomeka, zisizo na meno, hung'olewa kwa koleo huku ukizizungusha. Unaponunua mpya pima vitu vitatu: kipenyo cha tundu, unene wa bati, na urefu wa sehemu inayobaki nje. Urefu upimie kwenye raba ambayo haijachakaa sana, maana zilizozeeka hubonyea. Paka mpya maji ya sabuni, isukume kwa kuizungusha mpaka mdomo wake utokeze upande wa pili kote. Usitumie grisi wala oili ya injini, kwani aina nyingi za raba hufura na kulainika zikilowa mafuta. Kipande cha tairi kilichobandikwa kwa gundi nacho hakifai: ni kigumu mno, na gundi huachia kwa joto la injini.

Hapa ndipo wengi huharibu: wanahesabu mizunguko ya raba ya zamani na kuifunga mpya kwa idadi ileile. Raba mpya haijabonyea, hivyo inakuwa ndefu zaidi, na boneti ikibamizwa mara ya kwanza bati la kona linaweza kujikunja. Ianzishe chini, uipandishe polepole.

Kwenye buti mambo ni yaleyale, ila kuna nguvu ya tatu: raba ndefu ya kuzuia maji inayozunguka mdomo mzima, ambayo nayo inasukuma mfuniko juu. Ukiwa umeweka mpya, buti litafungika kwa ugumu mpaka ilainike, kwa hiyo usikimbilie kushusha raba za kona. Maji yakiingia, pitisha karatasi kuzunguka mdomo wote. Inapoteleza tu ndipo pa kushughulikia. Magari yenye mlango wa nyuma unaofunguka juu huwa pia na vizuizi vya pembeni, vinavyouzuia mlango usicheze kushoto na kulia. Vikilia, visafishe na kuvipuliza silikoni kabla ya kufikiria kuvibadilisha.

Mwishoni jaribu ndoano ya usalama ya boneti, ile inayoishika loki ikiachia. Vuta waya wa ndani, kisha jaribu kuinua boneti bila kugusa ndoano: lazima ikatae. Isipokataa, gari lisiondoke. Halafu funga kwa kuiachia kutoka sentimita 20 hadi 30. Boneti ya alumini ikikandamizwa kwa mikono inaweza kubaki na mabonde.